Zamu ya Kuomba

Katika kanisa letu kule Ganze, waumini walikuwa wa namna mbili: wanaoomba na wanaoitikia Amina. Orodha hiyo haikubandikwa ukutani, lakini mtoto wa shule ya Jumapili angekutajia majina bila kukosea. Mzee wa kanisa akisema ndugu mmoja atuongoze kwa maombi, macho yalikwenda kwa watu wale wale: mama mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, fundi cherehani wa pale senta, mwalimu mstaafu, na mwinjilisti mwenyewe. Sisi wengine tuliinama tukatazama vidole vya miguu. Si kwamba tulikosa la kumwambia Mungu. Tulikuwa nalo tele. Shida ni kwamba tulijulikana.

Mjini mtu akiokoka anaweza kuhama kanisa, akahama na mtaa, akaanza upya kati ya watu wasiomjua. Ganze haina nafasi hiyo. Anayekaa benchi la nyuma anamjua mbuzi uliyemkopa usimlipe, anayajua mangwe, vilabu vya pombe ya mnazi, ulimokuwa ukilala siku ya soko, anamjua uliyemtukana na aliyemzaa huyo uliyemtukana. Ukifumba macho na kufungua kinywa, unaomba mbele za Mungu aliyekusamehe na mbele ya jirani ambaye labda hajakusamehe. Huyu wa pili ndiye anayekausha koo.

Baba yangu mdogo, kitinda mimba wa babu, alikaa upande wa Amina tangu alipookoka hadi mimi nikamaliza shule, nikapata kazi Kilifi, nikawa narudi Jumapili na kufanywa katibu wa kamati ya kanisa. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza kufagia na akaondoka wa mwisho. Choo cha kanisa alikichimba peke yake, penye jiwe na udongo mgumu. Mtu akifiwa usiku, alikuwa amekwisha kufika kabla ya wenye gari. Lakini kuomba kwa sauti, hapana. Akiitwa jina alitikisa kichwa, na aliyemwita alijifanya amekosea mtu.

Sababu tuliijua. Kabla hajaokoka, yeye na vijana wenzake walimfukuza Tsawe, mdogo wake babu, yaani mtu ambaye kwa mila ni baba yake. Mtoto wa pale bomani kwetu alikuwa amekufa kwa homa ya siku chache. Kuna waliokwenda kwa mganga, wakarudi na mnong'ono, na mnong'ono haukuchukua muda kupata jina. Tsawe alikuwa na kichwa cheupe, macho mekundu ya moshi wa tanuri za makaa, na shamba la mikorosho upande wenye udongo mzuri. Kwetu mambo hayo matatu yakikutana kwa mzee mmoja, hapati usingizi. Walimwendea usiku, wakaichoma nyumba yake ya makuti, wakamwambia jua lisimkute. Akaondoka na fimbo yake, akaenda kwa binti yake kule Marafa.

Hakuuawa, na huo ulikuwa muujiza wake mdogo, kwa maana wapo wazee wengi wa Kilifi ambao hawakupewa hata nafasi ya kuondoka. Habari hizi zimekuwa zikitoka Ganze, Magarini, Kaloleni na Malindi mwaka baada ya mwaka: mzee amekatwa panga kitandani, wanaoshukiwa ni jamaa zake, na ukichimba chini ya neno uchawi unakuta mpaka wa shamba. Sheria ya Kenya kuhusu uchawi ni ya mwaka 1925, ya wakati wa mkoloni, na haijamlinda mtu yeyote niliyemjua. Kuna wazee wanaopaka mvi zao rangi nyeusi kila zinapochomoza, si kwa urembo bali ili wafike kesho. Wengine walikimbilia Kaya Godoma, huku huku Ganze, ambako chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA, kilitenga mahali pa kuwahifadhi walioshutumiwa. Ukifika pale unawakuta mababu na mabibi ambao kwao wana watoto, wajukuu na mashamba, na hawawezi kurudi.

Kwa hiyo dhambi ya baba mdogo haikuwa ya kusimuliwa kwenye mkutano wa injili. Naomba nieleze jambo hili kidogo, kwa sababu nadhani makanisa yetu yanalikwepa. Sisi Wakristo wa Afrika Mashariki tumerithi desturi ya ushuhuda kutoka kwa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi Kenya, pamoja na wimbo wake wa Tukutendereza. Ndugu wale walisimama hadharani wakataja dhambi kwa jina lake: niliiba, nilizini, nilimchukia mke wangu. Walirudisha baiskeli na mabati ya watu. Ni urithi mzuri. Lakini miaka inavyokwenda, ushuhuda umejifunza kuchagua. Aliyekuwa mlevi anashangiliwa. Aliyekuwa akitembea na majini anapewa saa nzima, na kila mwaka majini yanaongezeka. Dhambi ambayo aliyetendewa yuko hai, ana jina, na binti yake amepakana shamba na mwenyekiti wa kamati, hiyo haina jukwaa. Baba mdogo aliwahi kutoa ushuhuda wa kuacha mnazi, nao ulipokelewa kwa vigelegele. Mnazi, kusema kweli, ulikuwa jambo dogo kabisa maishani mwake.

Kisha mvua zikakata. Wanaokumbuka miaka ya 2020 hadi 2022 hawahitaji kuelezwa: misimu mitano ikapita mfululizo bila mvua ya kutosha, masika na vuli, kote upande wa kaskazini na mashariki ya Kenya hadi Somalia na Ethiopia, na Ganze ikawa katikati ya habari. Silanga, mabwawa yetu ya maji, zilibaki matope, kisha nyufa. Ng'ombe waliofikishwa mnada wa Bamba walikuwa wa kuhurumiwa. Kanisa likaamua kufunga na kukesha kila Ijumaa, na kamati ikaniagiza niandike zamu ya waombaji. Wale wanne wa kawaida walikuwa wamechoka, sauti zimewakauka. Mwinjilisti akasema kila mtu mzima aliyebatizwa awekwe kwenye zamu, kwa mpangilio wa nyumba. Nikaandika. Nilipofika nyumba yetu nikaandika jina la baba mdogo, nikaendelea, na kalamu haikutetemeka, maana sikufikiri.

Mama mwenyekiti ndiye aliyefikiri. Baada ya ibada, chini ya mkwaju, akaomba kusema.

"Mwinjilisti, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini watoto wetu wanakula mara moja kwa siku. Yohana sura ya 9 imeeleza wazi kwamba mwenye dhambi akiomba hasikilizwi. Mvua ikigoma kwa ajili ya mtu mmoja, tutamlaumu nani?"

Watu wakanyamaza kwa namna ya kukubaliana naye. Baba mdogo alikuwa hatua chache kutoka pale, akipanga mabenchi.

Nataka kumtendea haki mama yule. Hofu yake haikuwa ya kijinga, wala haikuanzia kanisani. Kwa Mgiriama, kuomba mvua ni kazi ya jamii nzima, na unyayo mmoja mchafu unaweza kuiharibu. Misitu mitakatifu ya kaya, ile ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, ina miiko ya nani aingie, lini, na akiwa katika hali gani. Wazee wanaokwenda kuomba huko hujizuia kabla ya kwenda. Mulungu wa mababu yuko juu, mvua ni yake, na hachezewi. Tulipoingia kanisani tulibadili jina la mahali pa kuombea, tukaleta na wimbo wa kinanda, lakini hesabu ya ndani ilibaki: asiye safi asitangulie, atatuponza wote. Nimeishi na Wakristo wa Nairobi na wa ng'ambo pia, na hesabu hii nimeikuta kwao vilevile, imevaa suti.

Mwinjilisti wetu alikuwa mzee wa kutoka upande wa Rabai, na hakuchoka kutukumbusha kwamba kwao Injili iliingia mwaka 1846, Krapf na Rebmann walipofungua misheni, wakati sisi wa Ganze bado tukiwinda swara. Hakuwa msomi mkubwa. Lakini Biblia yake ilikuwa imechakaa mahali panapostahili kuchakaa.

"Maneno hayo ya sura ya 9," akauliza, "kayasema nani?"

"Yameandikwa kwenye Biblia."

"Kwenye Biblia shetani naye kaandikiwa maneno yake. Nauliza, kayasema nani?"

Ikabidi ifunguliwe. Aliyesema ni yule kipofu aliyeponywa, akibishana na Mafarisayo waliosema Yesu ni mwenye dhambi. Alikuwa anawarudishia kanuni yao wenyewe: ikiwa mnaamini hivyo, basi huyu aliyenifumbua macho hawezi kuwa mnavyomwita. Ni hoja ya mtu aliyebanwa kwenye kikao, na hoja nzuri sana, lakini si amri ya kumfunga mdomo anayetubu. Mwalimu mstaafu akaingilia na Zaburi ya 66, ule mstari wa 18 unaowatisha wengi. Mwinjilisti akamwomba ausome polepole. Anayezungumziwa pale ni mtu anayelitunza ovu moyoni sasa hivi, analipalilia, anataka abaki nalo na majibu ayapate. Mstari haumsemi aliyelitenda likamchoma.

Halafu akasema neno ambalo wengi walilielewa kuliko ufafanuzi wote. Chakula cha msaada kilikuwa kimeletwa juma lile, mahindi na maharagwe, na foleni ilikuwa ndefu. "Nani kati yenu alisimama kwenye foleni ile akajisifu kwamba ghala lake limejaa? Na aliyekuwa na ghala tupu kuliko wote, mlimwambia arudi nyumbani ajaze kwanza?"

Mama mwenyekiti hakucheka. Akasema, "Sawa. Lakini Tsawe yuko wapi?"

Swali hilo sikuliandika kwenye kumbukumbu za kikao. Nilitakiwa kuliandika, kwa sababu ndilo lililokuwa sahihi kuliko yote yaliyosemwa siku ile, ingawa aliyeuliza alikuwa mmoja wa waliosema, wakati ule wa mnong'ono, kwamba mzee yule "ana mambo". Tulikuwa wengi tuliosema au tuliosikia tukanyamaza. Wale wanne wa kuomba kwa sauti, hakuna hata mmoja aliyekwenda kusimama mlangoni mwa Tsawe. Usafi wao ulikuwa wa kutoonekana tu.

Zamu ya baba mdogo ilipokaribia, alitokea mhubiri mgeni, wa kuzunguka na kipaza sauti, akaweka hema karibu na senta. Huyo alikuwa na dawa ya haraka. Mwenye damu au laana ya ukoo, alisema, alete sadaka ya kufungulia, na ikiwa laana ni nzito, sadaka iwe nzito. Baba mdogo akaenda usiku, akarudi akiwa ameahidi mbuzi jike mwenye mimba, mmoja kati ya wachache waliobaki. Shangazi yangu, dada yake mkubwa, alimfuata zizini kulipokucha. Sijui walizungumza nini, ila mbuzi hakuondoka, na mhubiri aliendelea na safari yake. Mtu aliyelemewa na jana yake ni soko. Kuna wanaolijua soko hilo vizuri kuliko sisi tunavyoijua Biblia.

Kisha, Aprili 2023, tukasikia Shakahola. Msitu ule uko katika kaunti yetu hii hii, ndani ya ardhi ya Chakama, bara ya Malindi. Watu walikuwa wameambiwa wajinyime chakula wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, watoto wakiwemo. Mhubiri anayehusishwa na vifo hivyo, Paul Mackenzie, akafikishwa mahakamani, naye akakana mashtaka. Mengi yamesemwa juu ya mahubiri ya siku za mwisho na juu ya serikali iliyochelewa, na yote yana ukweli wake. Mimi kilichonikaa ni kitu kingine: jinsi ilivyo rahisi kumfanya mtu aamini kwamba Mungu hajatosheka naye, kwamba bado kuna kitu cha kukata, cha kutoa, cha kunyima, kabla hajasikilizwa. Sisemi kila aliyekwenda kule alikwenda kwa sababu hiyo. Nasema nilipowatazama watu wa kanisa langu wakifunga kwa hofu, nikawaona wengine hawafungi tena ili waombe; walifunga ili walipe. Baada ya Shakahola mwinjilisti alifupisha mfungo, akaamuru uji upikwe saa sita mchana, na wazee wawili wakamnung'unikia kwamba amelegeza imani.

Ijumaa ya baba mdogo ilifika. Alisimama. Taa ya sola ilikuwa hafifu, na nadhani ilimsaidia. Aliomba kwa Kigiriama, wakati maombi yetu ya kanisani ni ya Kiswahili, na hakuanza na yale majina marefu ya Mungu tunayoyapanga mstari kabla ya kufika kwenye shida. Alimtaja Tsawe kwa jina lake kamili. Akasema: nilimchomea nyumba, na wewe uliona. Sina la kukuletea. Nipe mvua, si kwa ajili yangu, na mimi usinipite. Akaketi. Amina iliyofuata ilikuwa ya watu wachache, na mmoja wao alikuwa mtoto.

Ningependa kusema mvua ilinyesha usiku ule. Haikunyesha. Ilikuja baadaye kwa wakati wake, ikaja kwa waliomwitikia na waliokataa, ikabomoa na daraja la kuendea shule.

Kilichotokea ni kwamba, siku chache baadaye, baba mdogo aliniomba nimsindikize Marafa.

Nimefikiria sana mpangilio huo. Kwa akili zetu za kawaida, mtu angekwenda Marafa kwanza, apatane na mzee, ndipo apate haki ya kuomba kanisani. Na yako maneno ya Yesu, Mathayo sura ya 5, ya mtu kuiacha sadaka yake madhabahuni aende akapatane na ndugu yake kwanza. Mama mwenyekiti alikuwa nayo mkononi na sikuweza kumjibu. Lakini tazama ya Zakayo, Luka 19. Yesu alikwenda kukaa kwake wakati Zakayo bado ni mwizi, watu wakinung'unika nje. Ahadi ya kurudisha mara nne ilitolewa baada ya ugeni kuingia. Hata yule wa Mathayo 5 alikuwa tayari amefika madhabahuni, na ni pale pale, mbele za Mungu, alipokumbuka ndugu yake. Baba mdogo alikuwa na miaka yote ya kwenda Marafa na hakwenda. Alikuwa akijiadhibu kwa kunyamaza na kuchimba vyoo, na adhabu ile ilimtosha, ilimpa kisingizio cha kukaa nyumbani. Alipothubutu kuomba ndipo miguu ilipopata nguvu. Ujasiri ule ambao mwandishi wa Waebrania, sura ya 4, anatuhimiza tuende nao mbele ya kiti cha neema, sikuwahi kufikiri kwamba ungehitaji nauli ya matatu hadi Marafa.

Kulikuwa na jambo la mila. Kabla ya kuzungumza, wazee wa ukoo walisema lazima iende kadzama, kibuyu cha mnazi cha kufungulia maneno, na mbuzi. Sisi Wagiriama tunajua kwamba neno lililotamkwa kwa hasira halipotei hewani. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu wetu dhidi ya Waingereza kwa kiapo, na serikali ikaona ni lazima ivunje Kaya Fungo kwa baruti mwaka uliofuata. Maneno waliyomtolea Tsawe usiku ule yalikuwa bado yananing'inia, na yalihitaji kuteguliwa na watu, kwa utaratibu unaojulikana. Kamati ya kanisa ikasema muumini hawezi kubeba mnazi. Ubishi ukachukua jioni mbili. Mwishowe shangazi akasema thamani ya kadzama itolewe kwa fedha, wazee wenyewe watajua wanainunulia nini, na kanisa lisiulize. Kanisa halikuuliza. Mbuzi aliyekwenda ni yule yule aliyekuwa amepona hema la mhubiri.

Tsawe tulimkuta chini ya mwembe, mvi zake zimepakwa rangi, ingawa pale Marafa hakuna aliyemtishia. Baba mdogo akapiga magoti. Akasema alichofanya bila kukipunguza, akawataja waliokuwa naye ambao wamekufa, na wale walio hai hakuwataja. Wazee wa ukoo wakasema yao, wakachukua maji kinywani, wakayarusha wakibariki. Nilitazama uso wa Tsawe muda wote.

"Nimesikia," akasema. "Hao wazee wamefungua maneno, na mimi sitayafunga tena. Lakini usiniulize kama moyo wangu umetulia. Haujatulia. Nyumba yangu iliungua na vitu vya mama yako mdogo vilikuwa ndani."

"Ndiyo, baba."

"Nasikia unaomba kanisani siku hizi."

"Naomba, baba."

"Omba. Ila mimi usinitaje mbele za watu. Mimi si ushuhuda wako."

Tulipokuwa kwenye matatu baba mdogo hakusema kitu hadi Malindi. Nilidhani angerudi upande wa Amina. Je, Mungu anamsikia mtu ambaye aliyemkosea bado ana uchungu naye? Swali hili nimewauliza makasisi wawili na mtawa mmoja, na majibu yao yalikuwa mazuri kuliko yalivyokuwa ya kweli. Daudi alimuua Uria kwa barua, na Uria hakuwa tena na kinywa cha kusamehe wala kukataa. Katika Zaburi ya 51 Daudi anafika mahali anamwambia Mungu kwamba ni yeye peke yake aliyemkosea, na mimi kila nikifika pale nasimama. Namwelewa anachotaka kusema. Lakini kama ningekuwa mama yake Uria nisingeimba zaburi ile.

Ninayemwelewa zaidi ni Manase. Mfalme wa Yuda aliyetawala miaka 55, aliyewapitisha wanawe motoni, aliyefuata waaguzi na wapiga ramli. Kitabu cha pili cha Nyakati, sura ya 33, kinasema alichukuliwa kwa pingu hadi Babeli, na huko shidani akaomba, na Mungu akamsikia, akamrudisha kwake. Ukifungua kitabu cha pili cha Wafalme, hakuna maombi hayo. Kuna damu tu: damu isiyo na hatia aliyoijaza Yerusalemu, na sura ya 24 inasema Bwana hakukubali kuisamehe damu ile. Wataalamu wana maelezo yao ya kwa nini waandishi wale wawili walipishana. Mimi nafurahi kwamba waliopanga Biblia hawakukifuta kitabu kimoja ili kulinda kingine. Kimoja kinakumbuka maombi, kingine kinakumbuka damu, na vyote viwili tunavisoma kanisani. Baba mdogo anaishi ndani ya vitabu vyote viwili. Watu wa Ganze watamkumbuka kwa Wafalme hadi azikwe, na wana haki. Yeye akiinama kuomba, anaomba kwa Nyakati.

Aliendelea kuomba. Siku hizi yuko kwenye zamu kama wengine, na maombi yake ni ya kawaida, hata ya kuchosha: karo, mbuzi wanaokohoa, mjukuu aliyekosa nafasi chuoni. Tsawe hamtaji. Mama mmoja alihama akaenda kanisa la kando ya barabara kwa sababu yake, na bado wanateka maji kwenye tangi moja, wanasalimiana kila asubuhi. Mama mwenyekiti hakuhama. Amekuwa akimkagua, na sioni ubaya: mwenye ujasiri mbele za Mungu asiogope kukaguliwa na jirani.

Tsawe alifariki mwaka jana huko huko Marafa, akazikwa huko kwa amri yake mwenyewe. Baba mdogo alikwenda matangani, akakaa na wapika chakula, akapasua kuni. Hakuna aliyemwomba aongoze sala na hakujitokeza.

Lililobaki ni shamba. Mikorosho ile ilikuwa imegawanywa kimyakimya kati ya nyumba tatu, ya kwetu ikiwa mojawapo. Baba mdogo alirudisha fungu letu, akalipigania na fungu la nyumba ya pili hadi kwa chifu. Nyumba ya tatu bado inakataa. Mwezi uliopita alipanda upya minyaa ya mpaka, akanijia na karatasi. Alitaka nimwandikie binti wa Tsawe barua, aje aukague mpaka mwenyewe, na alete mtu wake wa kushuhudia ikiwa hatuamini sisi. Nikaandika. Nilipofika mwisho, kwa mazoea ya ukatibu, nikaanza kutafuta mstari wa Biblia wa kufungia.

"Aya usiweke," akaniambia. "Atadhani namhubiria. Weka vipimo vya shamba."